Kinywa Kikavu

“Sauti!” walipaza wanaume wa viti vya nyuma. “Binti, ongeza sauti! Hatusikii kitu huku!”

Sikuongeza. Nilikuwa nimeishika maikrofoni ya ukumbi wa Kibondo kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa yai la moto, na nikayarudia maneno yangu kwa sauti ile ile ya chini ambayo walimu wa chuo cha ukunga waliilalamikia hadi siku niliyohitimu. Jina langu ni Niyubahwe. Natoka Titye, wilaya ya Kasulu. Nimekuja kusema habari za dada yangu, Immakulata.

Ukumbi ulinyamaza ili usikie. Kwenye kiti cha mbele, Tharsisi alikuwa anatabasamu, mguu mmoja juu ya mwingine, kiatu kikimeta. Kisha tabasamu likamgandia. Niliona macho yake yakiondoka ukumbini na kurudi uani kwetu, yakimpitia mtu mmoja mmoja aliyekaa siku ile kuzunguka chungu, yakiutafuta uso wangu kati ya nyuso zile. Hayakuuona.

Nilikuwa nimeyasubiri macho yale kwa miaka miwili. Yalipofika yalikuwa matamu kuliko nilivyoota.

*

Immakulata alikufa mchana, barabarani, juu ya baiskeli. Shemeji Nestori alikuwa akiisukuma, na majirani wawili wakimshikilia dada asidondoke. Walikuwa wameshaanza kuyaona mabati ya Kasulu. Alizikwa na mtoto wake tumboni.

Mimi nilikuwa chuoni, Kigoma. Nilijifunza siku ile ile jinsi ya kumgeuza mama anayetokwa na damu alale ubavu wa kushoto.

Wakati huo Titye nzima ilikuwa imezoea kupiga simu kwa mashine. Kampuni ilikuwa imeileta kwa ngoma na kofia za bure, na watu wakaipa jina: Mama wa Simu. Mjamzito alipiga namba fupi, akapokelewa na sauti ya bibi mpole, akaulizwa maswali. Lakini mashine haikusikiliza majibu tu. Ilisikiliza pumzi, kasi ya maneno, kilio, mtetemo wa koo. Kisha ikatoa rangi kwenye ofisi yao mjini Kasulu. Ikitoka nyekundu, bajaji ya wagonjwa inaondoka. Ikitoka njano, muuguzi anapiga simu. Ikitoka kijani, mama anaambiwa apumzike, na hakuna binadamu anayeangalia tena. Kijani hakikuwa na mtu.

Dada alipewa kijani.

Mashine ile ilikuwa imefundishwa kwa sauti za wanawake wa mbali, wa mijini, wanaopiga kelele pale panapouma. Kwetu mwanamke akipiga kelele za uchungu atachekwa mpaka huyo mtoto aoe. Mama mkwe husimama kisimani akajisifu: mkwe wangu hakutoa hata sauti ya kuku. Immakulata alikuwa fahari ya wakwe zake kwa mimba mbili zilizotangulia. Kwa ya tatu, adabu ile ndiyo iliyomhukumu.

Mtu aliyeileta mashine kwetu hakuwa mgeni. Hilo ndilo nililoshindwa kumeza. Tharsisi alizaliwa Rungwe Mpya. Mama yake alimzaa kimya kimya kama mama zetu wote. Alisoma Dar es Salaam, akarudi akiwa meneja wa kampuni kanda yetu, akijua wazi jinsi wanawake wa kwao wanavyoumwa, na hakuwaambia waajiri wake neno. Mashine ilikuwa inauzika. Nani angeichelewesha kwa ajili ya adabu za wanawake wa Titye?

*

Alikuja kabla udongo wa kaburi haujakauka. Hakuja na wakili wala bahasha. Alikuja kama mtoto wa nyumbani, amevua viatu vyake vya kumeta mlangoni, na nyuma yake vijana wawili wamebeba chungu cha pombe ya mtama kilichofunikwa majani ya mgomba, na fungu la mirija.

Watu wa kwetu, tuliovuka kutoka Burundi tukapewa uraia hapa, tunakijua chungu cha namna hiyo, na Waha tuliowakuta wanakijua pia. Mwenye kosa hukileta kwa wenye msiba. Wakikubali kukaa naye na kuvuta kwa mirija, jambo limekwisha. Hawalipeleki serikalini. Hawalitaji kanisani, hawalitaji hata chumbani. Na aliyekileta naye halitaji, kwa sababu mkataba unafunga pande zote mbili: atakayelisema kwanza amekivunja chungu, na kila aliyekunywa anarudishiwa mdomo wake.

Baba, mzee Manirambona, alikaa muda mrefu akikitazama kile chungu. Alikuwa mtu wa amani. Alikuwa amebebwa mgongoni na bibi kuvuka mpaka, na maisha yake yote aliogopa ugomvi kama wengine wanavyoogopa nyoka. Akauchukua mrija. Nestori akauchukua. Baba wadogo, mashangazi, majirani waliomshikilia dada kwenye baiskeli. Walokole walisema wao hawagusi pombe, Tharsisi akacheka kwa upole, akatoa kreti la Fanta.

“Hata Fanta inahesabika?” akauliza shangazi mmoja.

“Ukinywa kwa mrija, shangazi, inahesabika,” akasema Tharsisi. “Mungu anaangalia mrija.”

Watu wakacheka. Siku ya tatu ya msiba, uani kwetu, watu walicheka.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, jikoni, nakoroga ugali wa waombolezaji. Tangu utoto sijaweza kukaa mbele ya wanaume wengi. Miguu yangu huniondoa yenyewe. Tharsisi alipopita kwenda kunawa, aliniona.

“Mdogo wangu, usione haya. Njoo na wewe upate kidogo.”

Nikainamisha macho. Nilikuwa na mwiko mkononi na moshi machoni. Alingoja kidogo, akatabasamu, akapita. Kwa vile hakunichukulia kama mtu wa kuhofiwa, hakurudi kunihesabu. Baadaye nilimsikia akimuuliza baba, “Nyumba nzima imekunywa?” na baba akijibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, “Nzima.”

Niliacha kukoroga. Nilipitisha ulimi kwenye midomo yangu. Ilikuwa mikavu, imepasuka kwa kilio, na ilikuwa yangu.

Tangu siku ile niliitunza kama mtu anavyotunza panga. Tulipoondoa matanga, Tharsisi alituma madumu ya pombe, nikasema tumbo linaniuma. Arusini sikugusa kitu ambacho sikukifungua mwenyewe, nisije nikaambiwa kilitoka kwake. Niliacha mrija kabisa, hata wa soda. Wenzangu chuoni walidhani nimeokoka. Mimi, niliyekuwa nikiokota vifaranga vya jirani mvua ikinyesha, nilikuwa nikijituliza kwa kumfikiria Tharsisi amevunjika miguu yote miwili kwenye mtaro fulani, anapiga simu, na sauti ya bibi mpole inamwambia: asante, hali yako ni nzuri, kunywa maji.

*

Habari za kikao zilitangazwa redioni. Kampuni ilitaka kuipeleka mashine Kibondo. Lakini serikali ilikuwa imetoa kanuni mpya: mfumo wowote wa akili mnemba unaoamua nani ahudumiwe kwanza na nani angoje umewekwa kwenye kundi la hatari kubwa. Hauwezi kuingia wilaya nyingine mpaka usikilizwe hadharani na watu utakaowahudumia. Ofisa angetoka Dodoma. Mtu yeyote mwenye jambo angeruhusiwa kusema.

Nilimkuta baba uani anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti, nikamsalimia, nikamwambia nakwenda Kibondo.

“Kufanya nini?”

“Kwenye kikao, Baba.”

Mkono wake ulisimama juu ya gunzi. Nilimwona akitafuta namna ya kunikataza, na akikosa, kwa sababu ili kunikataza ilimpasa ataje jambo ambalo alikuwa amekunywa kwamba hatalitaja.

“Nyumba hii,” akasema mwishowe, “ilikaa pamoja.”

“Mimi sikukaa.”

“Ulikuwa wapi?”

“Jikoni, Baba. Nilikuwa nawapikia.”

Sikuwahi kumwona akinitazama hivyo, kama mtu anayegundua mlango kwenye ukuta wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kisha akarudi kwenye mahindi yake, akaanza kupukuchua kwa nguvu, punje zikiruka mpaka kwenye magoti yangu.

“Na mimi nina safari ya Kibondo,” akasema bila kuinua kichwa. “Nataka jembe. Ya huko yana chuma kizuri.”

Kasulu imejaa majembe.

*

Tharsisi alianza kwa maonyesho. Binti mmoja wa ofisini kwao alikaa jukwaani na simu, akajishika tumbo na kupiga ukelele: “Mama yangu, nakufa! Nakufa jamani!” Kwenye kitambaa cheupe ukutani ikawaka nyekundu, kubwa kama jua la kiangazi. Watu wakapiga makofi.

“Huyo hata Kakonko wamemsikia bila simu!” akapaza mtu wa nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko.

Ofisa kutoka Dodoma hakucheka. Aliitwa Bi. Asmahani, mwanamke mwembamba mwenye Kiswahili cha pwani. Alimuuliza Tharsisi swali moja tu: kanuni zinaitaka kampuni iripoti kila kifo kilichofuata uamuzi wa mashine, je, Kasulu kimetokea?

“Hakuna, Mheshimiwa,” akasema Tharsisi. “Hakuna hata kimoja.”

Ndipo nilipoinua mkono. Ndipo waliponipigia kelele za sauti. Nilisema jina la Immakulata na mwezi aliokufa, nikaomba simu yake isikilizwe. Tharsisi alisema itakuwa ngumu kuipata, ni siku nyingi. Bi. Asmahani akasema simu zote hutunzwa, ndivyo kampuni ilivyoahidi ilipopewa kibali cha kwanza, na yeye hana haraka, amelipiwa kulala. Fundi wa kampuni akamtazama Tharsisi, akamtazama Bi. Asmahani, akabonyeza.

Sikuwahi kuisikia kabla.

“Habari yako, mama,” ilisema sauti ya bibi. “Mimi ni msaidizi wako. Unajisikiaje?”

Kimya. Kisha makofi mawili, mepesi, ya viganja vilivyokunjwa kidogo. Alikuwa ameiweka simu mapajani ili apate mikono ya kusalimia. Dada yangu aliipigia mashine makofi ya heshima.

“Mwiriwe,” alisema. “Mwiriwe neza. Hapo kwenu hamjambo? Watoto wazima?”

“Unajisikiaje, mama?”

“Amahoro. Ni amani tu.” Hapo pumzi ilikatika, ikakaa mahali fulani, ikarudi. “Ila naona damu. Kidogo... Subirini kidogo.” Tulisubiri, ukumbi mzima. “Samahani kwa kuwasumbua.”

“Je, maumivu yako ni makali sana, ya wastani, au madogo?”

“Ya kawaida. Ya mwanamke.”

Upande wa kushoto, wanawake walikuwa wameanza kusimama. Hakuna aliyewaambia. Mmoja alijifunika kanga kichwani na kusema, si kwa kupaza, “Yesu wangu, huyo anaondoka.” Ukutani, juu ya vichwa vyao, ikawaka kijani.

“Asante, mama. Hali yako ni nzuri. Pumzika, kunywa maji, na upige tena kesho.”

“Asante. Mungu awabariki.” Makofi mawili. Ikakatika.

Nilikuwa nalia, lakini akili yangu ilikuwa imetulia kama maji ya mtungi. Kwa sababu simu ile peke yake isingetosha. Kampuni ingeomba radhi, ingesema ni hitilafu moja, ingerekebisha rangi. Tharsisi angeendelea kuvaa viatu vyake. Nilimtaka yeye. Nikaiinua maikrofoni, nikainamisha macho kama binti aliyelelewa vizuri, nikasema uongo.

“Na kampuni,” nikasema, “haikufika hata kutupa pole.”

Watu wakaguna. Nilimsikia Tharsisi akisimama kabla sijamwona, kiti kilianguka.

“Muongo!” akapiga kelele. “Mheshimiwa, huyu binti ni muongo! Mimi mwenyewe nilikwenda! Nilipeleka chungu! Familia ilikunywa, jambo likaisha!”

Hata wale wa nyuma, wasiokosa neno, walikosa. Alibaki amesimama, mkono hewani, na nikaona pole pole akili yake ikimfikia.

Bi. Asmahani peke yake hakuelewa. “Ilikunywa nini?” akauliza.

“Pombe, Mheshimiwa!” mtu akamsaidia. “Ya mtama!”

“Na Fanta,” akaongeza mwingine, kwa uchungu.

“Jambo gani likaisha, ndugu Tharsisi? Umeniambia hapa sasa hivi kwamba hapakuwa na kifo.”

Na kutoka mlangoni, ambako alikuwa amesimama tangu asubuhi bila jembe lolote, baba yangu akaja katikati ya ukumbi. Alivua kofia.

“Amekivunja mwenyewe,” alisema, akiwaambia watu wa kwao kwanza. Kisha akamgeukia ofisa. “Mimi ni Manirambona. Mama huyo aliyepiga makofi ni binti yangu, Immakulata. Nilikuwa sina mdomo. Sasa ninao.”

Alizungumza mpaka wakawasha taa za ukumbi.

*

Watu hupenda nimalizie hapo. Kaka zangu huisimulia hivyo na kuishia kwenye kofia ya baba. Lakini mimi sikuwa nimeshiba.

Mashine ilizimwa. Kibondo haikufika. Kampuni ilipigwa faini kwa kuficha kifo, na ilitubidi tungoje msimu mzima wa kilimo kabla haijaruhusiwa kurudi Kasulu, imefundishwa upya kwa sauti za wanawake wa kwetu, na kwa masharti. Sharti la kwanza: kila simu, ya rangi yoyote, ipite masikioni mwa mkunga mwenye mamlaka ya kuipinga mashine. Sharti la pili: kila asubuhi, kabla ya kuwashwa, ipimwe kwa sauti ambayo mkunga ameichagua, na ikishindwa isiwashwe.

Walitangaza kazi ya ukunga. Nikaomba. Walipoliona jina langu walisita, lakini Bi. Asmahani alikuwa na nakala ya maombi yangu, na wakaogopa kunikataa.

Tharsisi hawakumfukuza. Walimshusha. Yeye ndiye anayefungua ofisi sasa, anafuta vumbi, anabonyeza vitufe. Viatu ni vile vile, ila vimeisha visigino.

Tupo wakunga wawili, mimi na Bi Kuruthumu, mama wa makamo wa hapa mjini ambaye amezalisha nusu ya Kasulu. Mashine ikiwa imezimwa simu zinatujia sisi moja kwa moja, kwa hiyo hakuna mama anayeumia tukichelewa kuiwasha. Anayeumia ni mmoja tu.

Sauti niliyoichagua ni ya Immakulata.

Kanuni inataka mtumishi wa kampuni aisikilize hadi mwisho pamoja na mkunga, na aseme kwa mdomo wake rangi iliyotoka. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, Tharsisi anakaa mbele yangu, anavaa vifaa vya masikioni, na dada yangu anamsalimia. Anamuuliza kama watoto wazima. Anamwomba samahani kwa kumsumbua. Mwanzoni Tharsisi alikuwa akitazama dirishani. Siku hizi anatazama mikono yake. Juzi yalipofika makofi ya mwisho niliona viganja vyake vikisogea, vikitaka kuyajibu, halafu vikajizuia.

Mashine inatoa nyekundu. Haijakosea hata mara moja tangu irudi.

“Nyekundu,” anasema.

Natia sahihi.

“Mwanangu,” Bi Kuruthumu aliniambia jana, akinimiminia chai, “unamuua yule mtu kidogo kidogo. Si ubadilishe? Sauti zipo nyingi.”

“Kanuni inasema mkunga achague, Bi mkubwa.”

“Kanuni haikusema achague hiyo.”

“Haikunikataza.”

Akanitazama, akatikisa kichwa, akaniongezea sukari.

Jioni, wakati nafunga mkoba wangu, Tharsisi alikuja akasimama mbele ya meza. Amekonda. Alikuwa ameshika funguo za ofisi kwa mikono yote miwili.

“Kesho ni Pasaka, dada,” alisema. Ananiita dada siku hizi, ingawa amenizidi miaka kumi na zaidi. “Nilitaka kwenda kusali Rungwe Mpya, na mama. Ni mzee sana. Sijui kama kesho nayo ni lazima nisikilize... Bi Kuruthumu anaweza kuwasha yeye, kwa sauti nyingine yoyote. Kesho tu.”

Nikainamisha macho, kama inavyotakiwa mbele ya mkubwa.

“Njoo mapema, kaka,” nikamwambia. “Utawahi misa ya pili.”